Upepo Hupimwa Pale Unapopita: Jua, Setilaiti na Anga Iliyo Juu Yetu

Hotuba hii ilitolewa Nairobi mbele ya walimu wa fizikia, wapima ardhi na wanafunzi wa uhandisi. Imeandikwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wapima ardhi mlioacha kazi zenu mchana huu, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana: hamjambo?

Nitaanza na swali. Ni nani kati yenu anayejua kilichotokea Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970? Naona mikono mingi, nami nilitarajia hivyo. Siku hiyo, taifa likiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliondoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini na Waitaliano, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Watoto wetu wanafundishwa habari hiyo, na ni vyema.

Swali la pili. Ni nani anayejua kilichotokea pale pale Ngomeni tarehe 15 Novemba 1971? Naona mikono imeshuka. Siku hiyo ilirushwa setilaiti nyingine, ndogo, iliyoitwa Explorer 45. Haikupewa jina la Kiswahili, na labda ndiyo sababu tumeisahau. Kazi yake ilikuwa kupima mkondo wa umeme unaoizunguka dunia juu ya ikweta wakati wa dhoruba za sumaku, dhoruba zinazoletwa na upepo utokao kwenye Jua. Ilirushwa kutoka pwani yetu kwa sababu mkondo huo uko juu ya ikweta, na anayetaka kuweka chombo katika njia ya ikweta hana mahali bora kuliko ikweta yenyewe. Njia yake ilikuwa ya duaradufu, ikipanda hadi zaidi ya kilomita 25,000 kisha ikirudi karibu, hivyo kila mzunguko iliukata mkondo huo ikaupima kutoka ndani.

Haikungoja hata mwaka mmoja kuona dhoruba yenyewe. Mwanzoni mwa Agosti 1972 Jua lilirusha wingu la gesi yenye chaji ambalo lilifika duniani kwa muda wa saa 15 hivi, safari ambayo kwa kawaida huchukua siku mbili au tatu. Tarehe 4 Agosti, katika bahari ya Vietnam Kaskazini, marubani wa jeshi la wanamaji la Marekani waliona mabomu yaliyotegwa majini karibu na Hon La yakilipuka yenyewe, moja baada ya jingine, bila meli yoyote kupita juu yake. Mabomu hayo yalitengenezwa yahisi badiliko la sumaku linaloletwa na chuma cha meli. Badiliko hilo mabomu yalilihisi kweli, ila meli haikuwapo.

Ndugu zangu, jambo nililokuja kulisema leo ni moja, nami nitalirudia mpaka mnichoke: upepo hupimwa pale unapopita. Huwezi kuupima ukiwa mbali nao, wala huwezi kumtuma mtu wa mbali akupimie ule unaopita juu ya paa lako.

Upepo gani huo? Angahewa ya nje ya Jua, iitwayo korona, ina joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, ilhali uso wa Jua ulio chini yake una nyuzi 5,500 hivi. Kwa nini nje pawe na joto kuliko ndani, hilo ni swali ambalo wataalamu bado wanalishughulikia, na ni moja kati ya sababu kubwa za kupeleka vyombo huko. Gesi yenye joto kiasi hicho haitulii. Inapanuka, inalishinda vuto la Jua, inatoka pande zote bila kukoma: protoni, elektroni na kiasi fulani cha heli, zikiwa zimebeba uga wa sumaku wa Jua. Inapofika kwetu huwa na mwendo wa kati ya kilomita 300 na 800 kwa sekunde. Hata hivyo ni nyembamba mno. Katika sentimita moja ya ujazo mna chembe tano hivi, ilhali hewa ya ukumbi huu katika ujazo huo huo ina molekuli zaidi ya bilioni kumi mara bilioni moja. Kwa viwango vya maabara zetu za shule, huo ni utupu mtupu.

Je, watu walijuaje kwamba katika utupu huo kuna upepo? Mwaka 1951 Mjerumani Ludwig Biermann alitazama nyota zenye mikia, akaona kwamba mkia wa gesi huelekea upande usio na Jua, iwe nyota inalikaribia Jua au inaliacha. Alisema lazima kuna kitu kinachotoka kwenye Jua na kuusukuma. Mwaka 1958 kijana wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Parker, aliandika hesabu zake kwenye makala akionyesha kwamba korona haiwezi kukaa kimya, kwamba ni lazima imiminike nje kwa mwendo unaopita mwendo wa sauti. Wakaguzi wawili waliikataa makala hiyo. Mmoja alishauri mwandishi aende kwanza maktaba akasome habari za somo hilo kabla ya kuliandikia. Mhariri alikuwa Subrahmanyan Chandrasekhar, ambaye yeye mwenyewe hakulipenda wazo lile. Lakini alipoona kwamba wakaguzi wake hawakuonyesha kosa lolote katika hesabu, aliichapisha. Walimu wenzangu, nawaomba msimulie kisa hiki madarasani kwa ajili ya huyo mhariri zaidi kuliko kwa ajili ya Parker. Wenye mawazo mapya ni wengi, na wahariri wa namna ile ni wachache.

Hata hivyo hesabu zilibaki kuwa hesabu. Ubishi haukumalizwa na makala nyingine, ulimalizwa na kwenda huko. Vyombo vya Kisovieti vya Luna, mwaka 1959, vilibeba mitego ya ioni iliyotengenezwa na Konstantin Gringauz, navyo vikanasa dalili za kwanza. Kisha mwaka 1962 Marekani ikatuma Mariner 2 kuelekea Zuhura. Marcia Neugebauer na mwenzake Conway Snyder waliweka ndani yake kifaa cha kupima chembe za upepo, nacho kilipima kwa miezi zaidi ya mitatu. Kila kilipopima, upepo ulikuwapo. Haukukoma hata siku moja. Tena waliona kwamba una tabia mbili: kuna upepo wa polepole ulio mzito kidogo, na kuna mikondo ya kasi iliyo myepesi, ambayo ilirudi kila baada ya siku 27 hivi, kwa sababu Jua hujizungusha kwa muda huo likitazamwa kutoka huku. Wazee wa Lamu walijua kwamba kaskazi itarudi na kusi itarudi, wakapanga safari za majahazi kwa kujua hivyo. Mariner 2 ilitupa kaskazi na kusi ya Jua. Lakini nahodha alijua pia kwamba nje ya misimu kuna tufani, na tufani za Jua hazifuati siku 27. Hizo nitazifikia.

Hebu sasa tuingie kwenye vyombo vyenyewe, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo, na mwenyekiti ameahidi kunivumilia.

Unawezaje kupima kitu chembamba hivyo? Njia ya kwanza ninayoipenda kuliko zote haikuhitaji umeme wala waya. Mnamo Julai 1969, Buzz Aldrin alipokuwa juu ya Mwezi, alisimika mlingoti mwembamba mchangani, akavuta kutoka ndani yake karatasi ya alumini, akaielekeza kwenye Jua. Jaribio hilo lilitoka Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kwa Johannes Geiss na wenzake. Mwezi hauna angahewa wala uga wa sumaku wa kuukinga kama wetu, kwa hiyo upepo wa Jua huupiga moja kwa moja. Chembe zikajichoma ndani ya alumini zikakwama humo. Baada ya dakika 77 Aldrin aliikunja karatasi, ikatiwa kwenye mfuko, ikarudi duniani. Kule Bern waliikata vipande, wakaviyeyusha katika utupu, wakahesabu heli na neoni zilizotoka. Hakuna zaidi ya hapo. Karatasi, dakika 77, na maabara iliyojua inachotafuta.

Chombo cha Genesis, kilichorushwa mwaka 2001, kilifanya jambo hilo hilo kwa miaka zaidi ya miwili, kikitumia vigae safi vya silikoni, dhahabu na yakuti. Kiliporejea Septemba 2004 mwavuli wake haukufunguka, kikajibamiza jangwani Utah, kwa sababu swichi za kuhisi mshtuko wa kuingia angani zilikuwa zimefungwa juu chini. Wapima ardhi mnacheka, lakini najua kuna kati yenu waliowahi kufunga antena vibaya. Vigae vilivunjika, vikachanganyika na udongo. Wanasayansi waliviokota kipande kwa kipande, wakavisafisha, na bado wakapata walichokitaka, kwa kuwa chembe za Jua zilikuwa zimeingia ndani ya vigae na udongo ulikuwa juu tu.

Lakini karatasi inakuambia jumla. Haikuambii mwendo, wala saa. Kwa hayo tunatumia kikombe cha Faraday, nami naomba mkione vizuri kikombe hiki. Ni kikombe cha chuma kilichofunguka upande wa Jua. Mdomoni mwake kuna nyavu nyembamba za chuma, na chini kabisa kuna bamba. Wavu mmoja unapewa volti nyingi zinazopanda na kushuka. Protoni inayokuja na nguvu ndogo kuliko volti hizo inarudishwa nje, na yenye nguvu zaidi inapenya hadi kwenye bamba. Kila protoni inayogonga bamba inaacha chaji yake, na chaji hizo zikijumlika huwa mkondo wa umeme, mdogo sana, lakini unaopimika. Pandisha volti ngazi moja, pima. Pandisha tena, pima. Tofauti kati ya ngazi na ngazi inakuambia ni chembe ngapi zilikuwa na mwendo upi. Kwa kifaa kisicho na lenzi, kisicho na kioo, unapata mwendo, wingi na joto la upepo, mara baada ya mara.

Sasa fikirini kukipeleka kikombe hicho karibu na Jua. Chombo cha Parker Solar Probe, kilichorushwa tarehe 12 Agosti 2018 na kupewa jina la yule yule kijana wa Chicago, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka 91 aliyekaa Florida akitazama roketi ikipaa, kimejificha nyuma ya ngao ya kaboni yenye unene wa sentimita 11.4. Mbele ya ngao joto hufika nyuzi 1,400 hivi. Nyuma yake vyombo vingi vinakaa katika nyuzi 30. Vyombo vingi, lakini kikombe hapana. Kikombe kinachungulia nje ya ngao, kwa sababu kikiwa kivulini hakitaona upepo unaokuja moja kwa moja kutoka kwenye Jua. Upepo hupimwa pale unapopita, hata kama pale panaunguza.

Basi walikitengeneza kwa aloi ya titani, zirkoni na molibdeni. Nyavu zake ni za tangsteni. Nyaya za kawaida zingeyeyuka, wakatumia niobi, na kwa kuwa hakuna plastiki ya kufunika waya ambayo ingestahimili, nyaya zilipitishwa ndani ya vijibomba vya yakuti. Kisha wakabaki na shida ya kukijaribu. Jua la bandia utalipata wapi? Walichukua projekta nne kuukuu za sinema za IMAX, wakazirekebisha, wakamulika kikombe kwa zote nne kwa pamoja ndani ya chumba cha utupu. Wanafunzi mnaoniambia kila mwaka kwamba mradi hauwezekani kwa sababu vifaa ghali havipatikani, kisa hiki ni chenu.

Tarehe 28 Aprili 2021 chombo hicho kilivuka mpaka ambao ndani yake gesi bado inashikwa na sumaku ya Jua na nje yake ni upepo huru. Kwa mara ya kwanza kitu kilichotengenezwa na binadamu kilikuwa ndani ya angahewa ya Jua. Parker alikuwa hai kulisikia hilo, akafariki Machi mwaka uliofuata. Na tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka kwenye uso wa Jua, kikienda kilomita 690,000 hivi kwa saa.

Nisiisahau magnetometa, kifaa cha kupima uga wa sumaku, ambayo ni ndogo na haina umaarufu. Huwekwa kwenye mlingoti unaojitokeza mbali na mwili wa chombo, kwa kuwa chombo chenyewe, pamoja na nyaya na mota zake, kina sumaku inayoweza kuvuruga kipimo. Kati ya vifaa vyote nilivyovitaja, hiki ndicho kinachoamua kama usiku wa leo kutakuwa na dhoruba au hakutakuwa. Kwa nini? Tusikilizane kwa makini hapa.

Uga wa sumaku uliobebwa na upepo wa Jua ni dhaifu, kama nanotesla tano hivi siku za kawaida (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Uga wa dunia hapa Nairobi unapita nanotesla 30,000. Inawezekanaje kitu dhaifu hivyo kisumbue kitu chenye nguvu hivyo? Jibu liko kwenye mwelekeo. Uga wa dunia juu ya ikweta unaelekea kaskazini. Upepo ukija na sumaku inayoelekea kaskazini pia, unapita pembeni na mambo huwa shwari kiasi. Ukija na sumaku inayoelekea kusini, mistari ya pande mbili hukatana na kuungana upya, na nishati ya upepo inamiminika ndani. Wingu lile lile, mwendo ule ule, wingi ule ule wa chembe: likielekea kaskazini unalala usingizi, likielekea kusini mitambo inazimika.

Na huo mwelekeo tunaujua lini? Hapo ndipo penye uchungu. Darubini za chombo cha SOHO, kilicho kazini tangu mwaka 1995, huliona wingu likiondoka kwenye Jua, kwa hiyo tunaweza kuambiwa siku moja au mbili mapema kwamba kitu kinakuja. Lakini darubini haioni mwelekeo wa sumaku ndani ya wingu. Mwelekeo unajulikana wingu linapopita juu ya magnetometa, basi. Kwa sababu hiyo wameweka vyombo katika sehemu iliyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua, ambapo chombo kinaweza kukaa kikilizunguka Jua sambamba na sisi. ACE iko huko tangu mwaka 1997. India ilifikisha Aditya-L1 huko Januari 2024. Septemba 2025 Marekani imerusha SWFO-L1, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoa tahadhari tu.

Wanafunzi, toeni kalamu. Kilomita milioni 1.5, gawanya kwa mwendo wa kilomita 400 kwa sekunde. Mmepata nini? Sekunde 3,750. Saa moja na ushei. Sasa gawanya kwa 2,000, mwendo wa dhoruba kali. Sekunde 750. Dakika 12 na nusu. Huo ndio muda wote ambao mhandisi wa gridi au mwongozaji ndege anaupata baada ya kuujua mwelekeo. Dakika 12 na nusu, na sehemu yake inaliwa na kompyuta na simu.

Mtu anaweza kufanya nini kwa dakika 12? Waulizeni watu wa Quebec, ambao hawakuwa hata na hizo. Tarehe 13 Machi 1989, kama saa tisa kasoro robo usiku, dhoruba ya sumaku ilisukuma mikondo ya umeme ardhini na katika nyaya ndefu za gridi yao, na mwamba wa eneo lile, ambao haupitishi umeme vizuri, ukauelekeza kwenye nyaya zaidi. Vifaa vya kusawazisha volti vilijizima kimoja kimoja. Kwa dakika moja na nusu hivi gridi nzima ilianguka. Watu milioni sita walikaa gizani kwa muda wa saa tisa, tena katika baridi ya Kanada.

Sisi tuko mbali na ncha za dunia, na sioni sababu ya kuwatisha watu kwamba transfoma zetu zitaungua kesho. Wanaohubiri hivyo mitandaoni wanatafuta wasomaji. Shida yetu ni nyingine, na iko angani.

Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink na kuziachia katika kimo cha kilomita 210 hivi ili zijiinue zenyewe taratibu. Siku hizo kulikuwa na dhoruba ndogo tu, isiyostahili hata kutajwa kwenye habari. Lakini dhoruba hupasha joto hewa ya juu, hewa hiyo huvimba, na setilaiti iliyo chini hukutana na ukinzani mkubwa zaidi. Setilaiti 38 hazikuweza kupanda. Zilirudi zikaungua. Na sasa nawauliza: ni nani aliyewahi kwenda kupima uzito wa hewa hiyo ya juu, juu ya ikweta? Aprili 1967, kutoka pale pale Ngomeni, Waitaliano walirusha San Marco 2 kwa kazi hiyo hasa. Mara ya mwisho roketi kuondoka kwenye jukwaa lile kwa ajili ya setilaiti ilikuwa mwaka 1988. Sisemi hayo kwa ajili ya kujivunia. Vyombo vilikuwa vya wageni, matokeo yalikwenda kwa wageni, na sisi tulibaki na jukwaa. Lakini waliona kwamba anga ya ikweta haiwezi kupimwa kutoka Roma.

Nifike basi juu ya vichwa vyetu. Kuanzia kilomita 80 hivi kwenda juu kuna tabaka liitwalo ionosfia, ambamo mwanga mkali wa Jua umevunja atomi zikawa na chaji. Mawimbi ya setilaiti za GPS hupita humo kabla ya kufika kwenye kipokezi chako, na humo huchelewa. Popote duniani tabaka hili lina kero zake, lakini karibu na ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia kaskazini yetu, ndipo lilipo zito na ndipo linapotibuka zaidi. Jua likizama, sehemu ya chini ya tabaka hupoteza chaji zake haraka, sehemu ya juu hubaki nzito, na gesi nyepesi iliyo chini huanza kupanda kwa mapovu makubwa yanayonyooka kufuata mistari ya sumaku. Wimbi la setilaiti likikatiza povu hilo, linameremeta, linafifia, linapotea.

Mpima ardhi aliye Isinya mwezi wa Oktoba, akitaka kumalizia bikoni ya mwisho hata giza likiwa limeingia, analijua jambo hili hata kama hajawahi kulisikia likielezwa. Fimbo imesimama wima, kiputo cha kusawazisha kiko katikati, betri imejaa, mbingu nyeupe bila wingu. Mchana kutwa kifaa chake cha GPS kimempa usahihi wa sentimita mbili. Ikifika saa moja na nusu jioni kinaanza kuruka: nusu mita, mita moja, kisha kinakataa kabisa kushika. Analaumu kifaa, analaumu mtandao wa simu, anamlaumu msaidizi. Yote hayo yanawezekana. Lakini katika miezi ya Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, miaka ambayo Jua limechangamka, kati ya saa moja jioni na saa sita usiku, mshukiwa wa kwanza awe ionosfia. Na mambo hayajanyooka: dhoruba kubwa ya sumaku mara nyingine huyazidisha mapovu hayo, na mara nyingine huyazuia yasitokee kabisa, ikitegemea imefika saa ngapi za hapa.

Mei 2024, tarehe 10 na 11, ilikuja dhoruba ya daraja la juu kabisa, ya kwanza ya daraja hilo tangu mwaka 2003. Huko Marekani wakulima waliokuwa wakipanda mahindi kwa matrekta yanayoongozwa na GPS walilazimika kusimama. Wengi duniani walipiga picha za mianga ya rangi angani. Sisi tulikuwa tukihangaika na mafuriko, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama juu. Je, mitambo yetu ilifanya nini usiku ule? Tunaweza kusoma ripoti za Marekani, za Ulaya, na za kituo cha Hermanus, Afrika Kusini, ambacho kinahudumu saa 24 na kinastahili heshima. Lakini Hermanus iko mbali na ikweta, na ionosfia ya Hermanus si ionosfia ya Kajiado. Upepo hupimwa pale unapopita, na athari zake hupimwa pale zinapoangukia.

Najua kuna watakaonuna nikisema hivi. Nilifurahi kama kila Mkenya tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti yetu Taifa-1 ilipopaa, na wahandisi wetu wanastahili setilaiti nyingine. Lakini kwa upande wa hali ya anga za juu, ningeulizwa fedha ziende wapi kwanza, ningechagua vipokezi vya GPS vya ardhini vya masafa mawili, vilivyosambazwa kutoka Moyale hadi Lunga Lunga, pamoja na magnetometa chache zilizozikwa mbali na barabara na nyaya. Addis Ababa wana kituo cha kupima sumaku tangu miaka ya 1950, na rekodi zake zinatumiwa na watafiti kote duniani. Vipokezi havipigiwi picha na magazeti. Havina uzinduzi wala hesabu ya kurudi nyuma. Vinakaa juu ya paa, vinaandika namba usiku na mchana, na baada ya miaka 11, mzunguko mmoja wa Jua, unakuwa na kitu ambacho huwezi kukinunua popote kwa bei yoyote.

Tena vingine tayari tunavyo. Wapima ardhi, ofisi zenu nyingi zina kituo cha kudumu juu ya paa kinachohifadhi mafaili ghafi ya kila sekunde kwa wiki chache, kisha kinayafuta ili kupata nafasi. Ninyi mnayaona kama uchafu kwa sababu kazi ya ploti imekwisha. Ndani ya mafaili hayo mna kumeremeta kwa mawimbi usiku baada ya usiku, pamoja na jina la kila setilaiti na saa ilipopotea. Msiyafute. Diski ya nje inatosha, na ikiwa ofisi haina fungu la kuinunua tutatafuta namna.

Walimu, nanyi nimewaletea mchoro wa magnetometa ya darasani: sumaku ndogo iliyoning'inizwa kwa uzi ndani ya chupa, kioo kidogo, na taa inayorushwa ukutani mita kadhaa mbali. Haitashindana na ile ya ACE, lakini siku ya dhoruba kali doa la mwanga huweza kusogea, na mwanafunzi aliyelisoma kila siku kwa muhula mzima atajua kwamba limesogea. Iwekeni mbali na geti la chuma na maegesho ya magari.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Walio na mafaili ya Septemba na Oktoba, au ya Mei 2024, naomba tuonane kwenye meza iliyo karibu na mlango kabla hamjaondoka, mniandikie mahali kituo kilipo na aina ya antena. Michoro ya walimu iko hapo hapo. Sasa naomba maswali, na tuanze na wale walioketi nyuma.